Nyayo Chini ya Hina

Jumatatu, 3 Juni

Sukari asubuhi: 11.2. Miguu: hakuna kitu.

Muuguzi Binsi amenipa karatasi yenye mistari ya kujaza kila siku, sukari upande huu, miguu upande ule. Nimemwambia nitatumia daftari langu, kwa sababu karatasi hupotea. Akasema, "Daftari, karatasi, ukuta, andika popote, mama. Lakini angalia kwanza, ndiyo uandike. Na wayo utazame kwa kioo, maana huoni chini yako." Ametoka Kerala miaka kumi na tisa iliyopita na sasa anatugombeza kama mtoto wa hapa hapa kijijini.

Leo alinipima nyayo kwa uzi. Ni uzi mgumu wa plastiki uliofungwa kwenye kijiti. Unafumba macho, yeye anagusa hapa na pale, na ukihisi unasema ndiyo. Mara kumi kila mguu. Kulia nimepata nane, kushoto tisa. Nilifurahi kama siku yalipotoka matokeo ya sekondari.

Hapa niandike kweli, maana daftari ni langu. Sikuhisi zote. Binsi akitaka kugusa huvuta pumzi, na bangili yake hugonga ukingo wa kiti. Bangili ikigonga, nilisema ndiyo. Sijui kama huko ni kudanganya au ni kujitahidi.

Jambo nisiloelewa ni hili. Nikijilaza penye kiyoyozi nyayo zinawaka kama zimesuguliwa pilipili. Nikitoka nje, juu ya ardhi ya moto, kimya. Daktari ameeleza kwamba sukari imeharibu mishipa ya fahamu, kwa hiyo inapiga kelele pasipo na kitu na inanyamaza penye kitu. Sasa nikiwa na mlinzi wa namna hiyo mlangoni, nimfanye nini?

Niliporudi, mama mkwe wangu Bi Shinuna alikuwa barazani kwenye kiti chake cha magurudumu. Yeye alikatwa mguu wa kushoto chini ya goti miaka saba iliyopita. Ulianza na kidonda kama punje ya dengu.

"Umefaulu?"

"Nimefaulu, mama."

"Vizuri. Nyumba hii ina wanawake watatu na miguu mitano. Msinipunguzie hesabu."

Wa tatu ni wifi yangu Mayya, dada mkubwa wa mume wangu, mjane, mwenye neno la mwisho katika kila kitu kinachohusu tende.

Jumatano, 5 Juni

Sukari: 10.4. Miguu: hakuna kitu. Joto 46.

Jumapili, 9 Juni

Sukari: 10.9. Miguu: hakuna kitu.

Nimetoka jikoni hadi langoni kumpokea Hilal, mume wangu, nikiwa na ndala mguu mmoja. Ya pili ilikuwa imebaki karibu na jokofu. Mayya ndiye aliyeona.

"Mama Yakubu, mwenzake amefariki?"

Nilicheka nao. Baadaye nilirudi njia ile ile nikiitazama: changarawe, saruji, chuma cha mfereji. Hatua arubaini na moja. Sikumbuki hata moja. Nimejiuliza kama kiatu nilikuwa nikikihisi siku zote, au nilikuwa nakijua tu.

Jumapili, 16 Juni

Sukari: 11.8. Miguu: hakuna kitu.

Kesho Idi. Mayya amekanda hina kwa ndimu kavu tangu juzi, na leo ametupaka. Mikononi maua, miguuni wayo mzima mpaka ubavuni, kama tulivyopakwa na mama zetu. Bi Shinuna akanyoosha mguu wake mmoja. "Anza na mimi, ninamaliza haraka."

Hina ni baridi. Kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa Rajabu nyayo hazikuwaka. Nimemwambia Mayya kwamba hii ndiyo dawa, na tutakuwa tunarudia.

Jumatatu, 17 Juni

Idi. Sukari: 13.1, nimekula halua. Miguu: nyekundu, ya hina. Nzuri.

Jumamosi, 22 Juni

Sukari: 12.6. Miguu: hakuna kitu.

Tumeanza kuchemsha tende. Hilal na wafanyakazi walikata mashada alfajiri, tende zikiwa bado za manjano na ngumu, na kufikia saa mbili asubuhi sufuria la shaba lilikuwa linatokota. Kazi yangu ni ile ile ya miaka ishirini na nane: natoa tende moja, naiuma, nasema bado au tayari. Leo sufuria tisa. Hilal akasema niteme. Nikatema. Lakini utamu haukubali kutemwa wote.

Shida iko uwanjani. Tende zikitoka motoni zinamwagwa kwenye mikeka juu ya mchanga, zinatandazwa kwa mkono, na jua linazimaliza kwa siku tano au sita. Kwenye mikeka hiyo hapandi mtu na kiatu. Hakuna aliyeandika sheria hiyo, na hakuna aliyewahi kuivunja. Mimi nilikwenda na viatu vipya vya kliniki, vyeupe, soli nene, havijagusa choo wala barabara.

"Unakwenda wapi na hivyo?" Mayya akauliza.

"Binsi kasema nisitembee peku hata chumbani."

"Binsi anakula tende zetu?"

"Viatu ni safi, wifi. Nimevifuta."

"Kiatu ni kiatu. Tende hizi watu watazianzia bismillahi. Leo uzikanyage wewe kwa kiatu, kesho wafanyakazi watauliza kwa nini wao wasikanyage. Kama huwezi, kaa na mama barazani, mimi nitatandaza peke yangu."

Peke yake, na magoti yale. Alijua sitakubali. Nikavaa soksi za sufu za Hilal, jozi mbili. Mayya akazitazama, akasema soksi si kiatu, kwa hiyo halali. Tukafanya kazi.

Namwona mgumu. Sijui kama ni mgumu kwangu tu.

Jumapili, 23 Juni

Sukari: 14.0. Miguu: hakuna kitu.

Maji ya tende yameganda kwenye soksi. Kila nikiinua mguu, tende nne zinakuja nazo. Wafanyakazi wameniita mnasa ndege. Saa sita mchana nilizivua, nikamalizia safu mbili. Dakika kumi, labda kumi na tano. Mayya aliruka kama kuku juu ya mchanga wa kando ya mikeka akisema, "Moto! Moto!" Mimi nilitembea hapo hapo polepole. Akasema, "Mashaallah, wifi, una nyayo za ngamia."

Niliona fahari. Naandika hivyo hivyo.

Jumatatu, 24 Juni

Sukari: 13.7. Miguu: nimetazama kwa kioo. Hina tu.

Zinawaka tangu jana jioni, kulia zaidi. Lakini huwaka kila jioni, hata siku nisizokanyaga kitu. Huu ni ule wa uongo au ni mpya? Nimejaribu kulinganisha: wa zamani unaanza vidoleni na kupanda, wa sasa unaanza vidoleni na kupanda. Hakuna tofauti ninayoweza kuiandika.

Nimempigia Binsi simu. Yuko likizo kwao mpaka tarehe saba. Nimemwomba Mayya anipake hina tena.

Jumanne, 25 Juni

Sukari: 13.9. Miguu: hina. Poa.

Ijumaa, 28 Juni

Sukari: 14.8. Miguu: hina.

Sukari inapanda na mimi nimeacha hata kuuma tende. Tangu jana Hilal ndiye anayeonja. Nimebadilisha betri ya kipimo. 14.8 tena.

Jumapili, 30 Juni

Sukari: 15.5. Miguu: hina. Soksi ya kulia ina unyevu chini ya kidole gumba. Maji ya tende.

Jumatatu, 1 Julai

Sukari: 15.9. Soksi mpya, unyevu pale pale. Leo sikwenda kwenye mikeka.

Maji ya tende ya jana, labda, yalijificha kwenye ngozi.

Alhamisi, 4 Julai

Sukari: 18.3.

Naandikia hospitalini, mkono wa kushoto una dripu. Nitajaribu kufuata mpango.

Tangu Jumanne uwanjani kulikuwa na harufu. Mayya alisema kuna safu imepata maji na tende zinaoza chini kwa chini. Leo asubuhi tulifunua mikeka yote, safu kwa safu. Tende zilikuwa kavu, zinang'aa, hakuna hata moja mbovu. Nikasema tufanye kwa utaratibu. Nilichora uwanja kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari hili, safu kumi na mbili, na kila tuliponusa harufu niliweka alama. Alama zikajaa. Mayya akaniambia, "Wifi, harufu hii inahama. Tulipokuwa kule ilikuwa kule." Nzi pia walihama. Niliitazama ramani muda mrefu. Alama zilikuwa kila mahali nilipokuwa nimekaa kupumzika, na hata hapo sikuelewa. Nilidhani nimekosea kuchora.

Nilianza kutetemeka. Joto 48, na mimi natafuta shuka.

"Unatetemeka au unacheza?" Mayya akauliza, kisha akanitazama vizuri, akanishika mkono akanipeleka barazani.

Bi Shinuna alikuwa anakunywa kahawa. Kikombe kikasimama kabla ya kufika mdomoni.

"Nani ameingia?" akauliza bila kugeuka.

"Ni mimi, mama. Na Mayya."

"Mayya, rudi nyuma. Wewe njoo. Kaa. Lete mguu."

"Upi, mama?"

"Wowote. Nitaujua."

Miaka ishirini na nane katika nyumba yake sijawahi kumnyooshea miguu, seuze kuiweka mapajani mwake. Nikasema, "Mama, haifai."

"Kinachofaa nakijua mimi. Lete."

Aliuchukua wa kulia kwa mikono miwili, akainama, akaunusa kama mtu anavyonusa maziwa. Kisha akabonyeza kwa kidole chini ya kidole gumba, na ile ngozi nyekundu ya hina, nzuri, isiyo na alama hata moja, ikateleza pembeni kama utando juu ya maziwa, na kilichokuwa chini yake kikamwagikia nguo yake.

Niliona yote. Sikuhisi chochote. Nilimwonea huruma mwenye mguu ule, na nilichukua muda kukumbuka ni nani.

Bi Shinuna akapaza sauti ambayo sikujua kama bado anayo: "Hilal! Gari!"

Ijumaa, 5 Julai

Wamesafisha. Daktari wa upasuaji, Dakta Mutawakil, Msudani, anasema wayo uliungua kwa mchanga, likatoka lengelenge, likapasuka, likaoza chini ya hina bila mtu kuliona. "Siku kumi na moja, mama. Ulikuwa unatembea juu yake siku kumi na moja." Nimemwonyesha daftari: kila siku nimeandika nimetazama. Akalisoma lote, akalifunga taratibu. "Ulitazama kweli," akasema. "Ulitazama hina."

Nikamuuliza kama nitakatwa mguu. Akasema, "Bado hatujafika huko." Sikujua kama bado ni habari njema.

Jumatatu, 8 Julai

Sukari: 12.2, kwa insulini.

Binsi amerudi likizo, amekuja mpaka wodini na kijiti chake kwenye mkoba. Bila bangili. Kulia nimepata moja katika kumi. Kushoto tatu.

"Mwezi uliopita nane na tisa," akasema. "Miguu haiharibiki hivi kwa wiki tano."

Nikamweleza habari ya bangili. Akaja juu kweli kweli.

"Mimi si mwalimu, mama! Hapa hakuna cheti! Ukipata sifuri ndiyo nakupa viatu vya maana, nakuona kila wiki, nakukataza hina! Umejipa tisa, nimekuandika chini kabisa ya orodha!"

Wodi nzima iligeuka. Nimewahi kufeli mtihani mmoja tu maishani, wa jiografia, na nililia siku mbili. Huu nimeufaulu.

Jumatatu, 15 Julai

Sukari: 10.1. Mguu wa kulia umo kwenye buti la plasta linalovuliwa. Nimerudi nyumbani, nisikanyage.

Mayya hakuja hospitali hata siku moja. Nilikuwa nimeshamwandalia maneno. Leo ameingia chumbani na tochi ya simu, akapiga magoti, akaushika mguu wa kushoto, akaanza kuutazama kidole kwa kidole, akitenganisha katikati.

"Unatafuta nini, wifi?"

"Andika. Kushoto, hakuna jeraha. Sugu kisiginoni. Hina imebaki kwenye kucha."

"Mbona hukuja?"

"Ningekuja nikasema nini? Nilikusifu. Nilikuona umesimama kwenye moto nikakusifu." Akazima tochi. "Nimepimwa na mimi. Nilimwomba Binsi."

"Umepata ngapi?"

Hakujibu mpaka nilipouliza mara ya pili, kama mtu aliyeulizwa kitu alichoiba. "Kumi na kumi."

Nimemfikiria mchana kutwa. Nilidhani nimekaa miaka yote na mwanamke asiyehisi.

Jumanne, 16 Julai

Sukari: 9.6. Mayya amesema: kushoto, hakuna kitu.

Jumatano, 17 Julai

Sukari: 9.9. Mayya: hakuna kitu.

Jumatatu, 22 Julai

Sukari: 9.1. Mayya: hakuna kitu. Kidonda kimepungua, kimekuwa chekundu safi. Kila mtu amefurahi. Mimi nauogopa wekundu.

Jumatatu, 29 Julai

Sukari: 8.4.

Nilikwenda kupigwa picha nikiwa na uhakika wa kusikia mema. Sukari imeshuka, kidonda kinafumba, homa hakuna. Dakta Mutawakil akaniwekea picha kwenye mwanga. Mfupa wa kidole gumba umeliwa, ukingo wake kama biskuti iliyolowa. Anasema nje panafumba na ndani panaendelea. Kuna njia mbili: dawa ya mshipani wiki sita, na ikishindwa basi usaha umeshapanda, na hapo tutazungumza habari ya mguu. Au kidole kiondoke wiki hii, na mguu ubaki.

Hilal akasema, "Tusubiri. Mtazame, Dakta, yuko bora kuliko mwezi mzima. Wala haumii!"

Daktari akasema, "Hilo la kutoumia ndilo linalonitisha, ndugu yangu."

Nyumbani wamebishana. Mayya anataka daktari mwingine, Hilal anataka dawa, mwanangu Yakubu kwa simu kutoka Maskati anataka kila kitu kwa maandishi. Mimi nilikuwa nautazama mguu juu ya mto. Ulikuwa mzuri. Vidole vyote vitano, joto sawa, hakuna maumivu. Kila nilichofundishwa tangu utoto kinasema mtu akiwa hivi ni mzima. Nikaona sina pa kuanzia kufikiri. Nikiuuliza mguu, ni mwongo. Nikiuliza jicho, limetazama siku kumi na moja na kuona hina. Nikiuliza daftari, nililijaza mwenyewe.

Bi Shinuna aliwaacha mpaka walipochoka. Kisha akasogeza kiti chake hadi kitandani.

"Mimi waliniambia kidole," akasema. "Nikasema tusubiri, mbona hakiniumi. Baba yenu akasema tusubiri. Tulisubiri kwa adabu sana."

Hilal akatoka nje.

"Mama, uliwezaje kujua?" nikauliza.

"Sikujua. Nilijua baadaye. Wewe unataka kujua kwanza, kama kawaida yako. Hutajua, mwanangu. Chagua hivyo hivyo."

Nimempigia Dakta Mutawakil mwenyewe, kabla ya magharibi. Sauti yangu ilikuwa imara, sijui ilitoka wapi. Sina hakika hata sasa ninapoandika.

Jumatano, 31 Julai

Wamekiondoa. Saa tano asubuhi.

Alhamisi, 1 Agosti

Sukari: 10.7. Nimelala.

Jumanne, 6 Agosti

Sukari: 8.8. Mayya: kushoto, hakuna kitu. Kulia, bandeji kavu.

Jumatano, 14 Agosti

Sukari: 7.4.

Nyuzi zimetolewa. Dakta Mutawakil anasema alipokata alikuta mfupa wa nyuma ya kidole ni mzima, safi, na usaha ulikuwa umebakiza upana wa kucha kuufikia. Mguu umepona. Alisema mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza nilimtazama tu. Hilal alilia ndani ya gari na kusingizia vumbi.

Sasa kuna jambo ambalo sikumweleza daktari, maana sikujua nilielezeje. Tangu Jumapili kidole gumba kinaniwasha. Kile kile. Kinawasha upande wa ndani, karibu na kucha, na leo mchana kikaanza kuuma kwa uchungu halisi, uchungu wenye mahali, mkali kama wa mlango uliobana. Kidole hicho kiliungua, kikapasuka, kikaoza, na muda wote huo hakikuniambia neno. Leo hakipo na kinaniita kwa jina.

Nilimweleza Bi Shinuna peke yake, kwa sauti ya chini, nikitarajia anionee huruma. Alicheka mpaka akakohoa, nikampa maji.

"Wangu mimi ni mguu mzima," akasema, akijifuta machozi. "Mpaka goti. Ijumaa ndiyo siku yake, unawasha kama umeumwa na siafu."

"Unafanyaje?"

"Nyoosha."

Nikanyoosha mguu juu ya mto, mbele yake, na safari hii sikusema haifai. Akautazama, akapima kwa macho, kisha akapeleka mkono mahali pale palipo wazi, kando ya kidole cha pili, akakuna kitambaa cha mto kwa kucha, polepole, kama anayemkuna mtoto mgongo.

"Juu au chini?"

"Juu kidogo. Ndani. Hapo."

Kikatulia.

"Mama, sielewi," nikasema.

"Hata mimi," akasema. "Jikune mwenyewe sasa, mkono umechoka."

Nimekuna mwenyewe. Naandika: mguu wa kushoto, hakuna kitu, ameona Mayya. Mguu wa kulia, vidole vinne, vyote vizima. Kidole gumba kimewasha kuanzia saa tisa na dakika ishirini hadi saa tisa na nusu.